Mkono na Mkanda wa Mashine

Msafiri atokaye Dodoma kwa Reli ya Kati hupita Kintinku kabla gari moshi halijaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Hii ni nchi ya uwele na mtama, na palipo na uwele na mtama hapakosi mashine ya kusaga. Hapo kale kinu, mchi na jiwe la kusagia viliuchosha mkono, lakini havikuukata. Mashine imewapunguzia akina mama saa nyingi za kazi. Lakini imeleta kijijini hatari ambayo hapo awali ilikuwa ya viwandani, nayo imewekwa hatua chache tu kutoka mahali watoto wanapopanga foleni na ndoo zao za nafaka.

Wengi hudhani kuwa hatari hiyo imo ndani, kwenye nyundo zinazoponda nafaka. Nyundo ni hatari kweli, ila zimefunikwa kwa chuma. Kilicho wazi machoni pa wote ni mkanda unaochukua nguvu kutoka kwenye injini ya dizeli au mota ya umeme. Katika kila puli pana mahali pamoja ambapo mkanda huingia na kubana. Kitu chochote laini kikifika hapo huvutwa ndani, wala hakitemwi.

Kasi yake si vigumu kuikokotoa. Tuseme puli ina kipenyo cha sentimeta 20 na inazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Mzingo wake ni mita 0.63 hivi, kwa hiyo mkanda hwenda karibu mita 15.7 kila sekunde, ambayo ni zaidi ya kilometa 56 kwa saa. Je, mkono waweza kujiokoa? Jaribio la darasani litajibu. Mwanafunzi mmoja ashike rula wima, na mwenzake aweke vidole viwili kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula ikiachwa ghafla, kwa kawaida hukamatwa baada ya kushuka sentimeta 20 hivi. Kwa kanuni s = ½gt², muda uliopita ni sekunde 0.2. Katika muda huo huo mkanda wetu umekwisha kupita zaidi ya mita 3.

Kwa hiyo tangazo la ukutani lisemalo "Uwe mwangalifu" halina msaada mkubwa. Uangalifu huhitaji muda, na muda wenyewe haupo.

Umbo la mkono nalo huongeza madhara. Mkono una mifupa 27, lakini kidole hakina msuli wa kukikunja. Hukunjwa kwa kano ndefu zitokazo kwenye misuli ya kigasha. Mkanda ukivuta kidole, kano yaweza kung'oka kutoka mbali ndani ya kigasha. Ndiyo maana jeraha la mkanda ni baya kuliko la panga. Mwaka 1965 madaktari wa Japani, Komatsu na Tamai, walifaulu kurudishia kidole gumba kilichokatika kabisa. Hata hivyo upasuaji wa aina hiyo hufaulu zaidi pale kidole kilipokatwa kwa makali kuliko kilipong'olewa.

Glavu, ambazo wengi huzikimbilia kwanza, hapa ni adui. Zinamfaa mkata mkonge na mbeba mabati. Mbele ya kitu kinachozunguka, glavu ndiyo inayonaswa kwanza na kuuvuta mkono uliomo ndani. Ndivyo ilivyo kwa pete, ncha ya kanga na shati la mikono mirefu.

Dawa yenyewe ni umbali, na umbali huletwa na kinga. Fundi wa kijiji aweza kuitengeneza kwa wavu wa chuma na vipande vya pembe, ilimradi apime vizuri. Kwa vipimo vya kimataifa, wavu wenye matundu ya mraba ya milimeta 10 hadi 12 hapana budi uwe angalau milimeta 80 kutoka kwenye mkanda. Matundu yakifika milimeta 20, umbali uwe 120. Vipimo hivyo ni vya watu wenye miaka 14 na zaidi. Kidole cha mtoto ni chembamba zaidi, na mashineni watoto ndio wengi. Kwa hiyo matundu madogo ni bora.

Kinga nyingi hazikosekani tangu mwanzo, huondolewa. Mkanda hulegea, fundi hufungua boti nne ili aukaze, wateja wanapiga kelele, na kinga inabaki imeegemea ukuta mwezi mzima. Kumlaumu fundi si haki. Kinga ifungwe kwa bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, ifunguke kwa nusu dakika. Naye akumbuke kuwa injini ikizimwa, gurudumu lake na nyundo huendelea kuzunguka. Nishati hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na mkanda haushikwi mpaka kila kitu kitulie kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inadai mashine zikingwe, na Sheria Namba 20 ya mwaka 2008 imeweka fidia kwa mfanyakazi aliyeumia. Lakini mashine nyingi za vijijini huendeshwa na mwenye mali akisaidiwa na jamaa yake, na mkaguzi hafiki kila siku.

Ajali ikitokea, jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu, na kiende hospitali pamoja na mgonjwa. Barafu isikiguse kidole chenyewe, kwani huua nyama.