Begi la Siku Moja: Anza na Mgongo Wako

Mkazi wa Ruhembe akitaka kupanda milima hana haja ya kwenda mbali. Anapita mashamba ya miwa, anavuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, na muda si mrefu yuko Sanje, chini ya maporomoko ambayo maji yake hudondoka mita 170. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya gari. Katika Hifadhi ya Mikumi mgeni hukaa garini, mizigo yake iko nyuma ya kiti. Udzungwa maji utakayokunywa na koti utakalovaa mvua ikinyesha vinapanda mlima pamoja nawe. Kwa hiyo begi la mgongoni linastahili kuchaguliwa kwa umakini uleule tunaoutumia kuchagua viatu, na mara nyingi sivyo tunavyofanya: tunachukua la mtoto la shule, au lolote lililoning'inia nyuma ya mlango.

Wengi wakiambiwa watafute begi jepesi, hulinyanyua likiwa tupu na kuridhika. Begi zuri la safari ya siku moja, likiwa tupu, huwa na uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja. Sasa tia lita mbili za maji. Hizo ni kilo mbili tayari. Ongeza chakula cha mchana, koti la mvua, tochi, dawa kidogo na nguo ya kubadilisha, unafika kilo nne au tano. Gramu 300 unazookoa kwa kununua begi jepesi zaidi hazizidi bilauri moja ya maji. Begi la gramu 400 lenye mikanda myembamba kama kamba litakuumiza kuliko la gramu 900 lililokukaa sawasawa. Wepesi ni jambo jema, lakini ni jambo la pili. La kwanza ni mgongo wako.

Kuupima hakuhitaji mtaalamu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo hadi uguse pingili iliyojitokeza kuliko nyingine. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikiangalia nyuma. Mwombe mwenzako apime kwa futikamba kutoka kwenye ile pingili hadi usawa wa vidole gumba. Huo ndio urefu wa mgongo kwa upande wa begi, na haufuatani na kimo: watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana sentimita kadhaa. Begi refu kuliko mgongo hukugonga makalio kila hatua. Likiwa fupi mno, mzigo wote huning'inia mabegani.

Ukishalivaa, angalia mikanda ya mabegani. Inatakiwa ilale juu ya bega bila kuacha uwazi, na sponji yake ibonyee kidogo ukiifinya na kurudi. Sponji inayobaki bapa imekufa. Mkanda wa kifuani hauchukui uzito, kazi yake ni kuizuia mikanda ya mabegani isiteleze kwenda pembeni, na mwenye kupanda bodaboda atauona umuhimu wake mapema. Mkanda wa kiunoni nao husaidia pale tu unapokaa juu ya mfupa wa nyonga. Ukikaa tumboni unakubana pumzi bure. Kwa mzigo usiozidi kilo tano unaweza hata kukosekana.

Begi likishakukaa, linabaki suala la kupanga mzigo. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ambao Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake waliufanya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Wanawake hao, waliozoea kubeba kichwani au kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Sisi tunaobeba mgongoni hatuna nafuu hiyo. Begi linavuta nyuma, nasi tunainama mbele kulifidia, na kila kilo inayoongezeka ina gharama yake. Kwa hiyo vitu vizito, maji yakiwa ya kwanza, viweke karibu kabisa na mgongo, katikati ya mabega na kiuno, si kwenye mfuko wa mbele ambao uko mbali na mwili. Kuhusu ukubwa, begi la lita 20 linatosha kwenda Sanje na kurudi. La lita 35 utalijaza, kwa sababu nafasi ipo. Kilele cha Mwanihana, ambako watu hulala njiani, ni habari nyingine.

Lipo suala la jasho. Mabegi mengi ya kisasa yana wavu uliokazwa nyuma ili hewa ipite kati ya begi na mgongo. Kwa joto la bonde la Kilombero huo ni msaada wa kweli, lakini wavu huo huo unausogeza mzigo mbali na mwili. Kwa mzigo mwepesi chagua wavu. Ukijua utabeba maji mengi, chagua begi linalokugusa, na ukubali shati kulowa.

Wengi wetu tutanunua mitumba, na hakuna ubaya, ilimradi ujue pa kutazama. Ligeuze ndani nje. Nailoni nyingi hupakwa utando wa kuzuia maji, na utando huo huharibiwa na unyevu na joto hata kama begi limekaa tu stoo. Pitisha kiganja: ukinata, au ukitoa unga na magamba meupe, achana nalo. Kisha vuta mkanda wa bega pale ulipoungwa na begi, juu na chini. Zipu fundi atabadilisha. Mshono uliochanika na kula kitambaa ni kazi ngumu zaidi.

Rangi nayo ina maana huku kwetu. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, hivyo kwa pori la Mikumi kijivu au kahawia ni salama zaidi. Madoadoa ya kijeshi yaache kabisa: Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo.

Kwa mvua, kifuniko cha begi hakitoshi, maana maji hushuka mgongoni na kuingilia upande usiofunikwa. Zamani watu walitia vitu kwenye rambo kwanza. Mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na sasa kilicho bora ni mfuko wa nailoni wenye mdomo wa kukunja, unaokaa ndani ya begi na kudumu miaka. Ukirudi nyumbani, futa jasho kwa kitambaa chenye maji safi na uanike begi kivulini. Jua kali hula nailoni.

Siku ya kwenda kununua, nenda gulioni na chupa zako mbili za maji zikiwa zimejaa. Zitie kwenye begi unalolitaka, kaza mikanda, tembea nalo kati ya vibanda dakika kumi. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, mshukuru na uende kwa mwingine.