Bwawa la ba'mdogo na malaria ya 'watu wa ziwani'

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa nimejikunja kwa kochi, blanketi mbili juu yangu, meno yanagongana kama vijiko kwenye sufuria. Hapo ni nyumbani kwetu upande wa Nyamira, mahali ambapo hata Januari ukitoka nje jioni bila sweta unaonekana mjeuri.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama alisema ni baridi. Jirani akasema ni homa ya matumbo, maana kwetu kila homa ni homa ya matumbo. Mse wangu wa bodaboda akasema ni mawazo ya pesa. Kwenye duka moja la dawa niliuzwa vidonge vya homa ya matumbo bila kupimwa hata joto. Malaria hakuna aliyeitaja. Kwani malaria si ya watu wa ziwani?

Siku ya tatu siikumbuki vizuri. Naambiwa nilikuwa nikigombana na kondakta wa matatu ambaye hakuwepo, namdai chenji yangu. Mama akanipakia kwenye bodaboda, akanibana katikati yake na dereva nisianguke, tukafika zahanati. Nikadungwa kidole. Tukangoja kama dakika kumi na tano hivi, kipimo kikatoa mistari miwili. Malaria.

"Umesafiri wapi?" muuguzi akauliza. "Kisumu? Homa Bay? Migori?"

"Sijatoka. Wiki sita sijavuka hata Keroka."

Alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Nilipona. Lakini lile swali lilinikaa kichwani. Mimi sina digrii, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini bando ninayo. Nikaanza kusoma utafiti uliofanywa hapa hapa Gusii, na mengine nikatamani ningeyajua kabla ya Juni.

Baridi ilitulinda, sasa je?

Hebu tuanze na mbu mwenyewe. Mbu wa malaria, yule wa jamii ya Anofelesi, akimuuma mgonjwa hawezi kukuambukiza wewe siku hiyo hiyo. Vimelea alivyonyonya lazima vikomae kwanza tumboni mwake, na kasi ya kukomaa inategemea joto. Kwa hesabu ambayo watafiti hutumia, joto likiwa nyuzi 25 vimelea hukomaa kwa siku kama 12. Likiwa nyuzi 20, siku 28. Likishuka hadi 18, inafika karibu siku 55. Chini ya nyuzi 16 havikomai kabisa.

Sasa kumbuka kwamba mbu jike ni nadra kuishi zaidi ya mwezi. Kwa hivyo mahali penye nyuzi 18, mbu anakufa kabla hajaweza kukudhuru. Ndiyo maana wazee wetu walipanda milimani, na ndiyo maana wakoloni nao walipenda nyanda za juu. Ila angalia tena hizo namba. Kutoka 18 hadi 20 ni nyuzi mbili tu, huwezi hata kuzihisi ukiwa umevaa koti, lakini muda umekatika karibu nusu.

Je, milima yetu imepata joto? Wanasayansi wamegombana sana kuhusu hili. Mwaka 2002 kikundi kimoja kiliandika katika jarida la Nature kwamba rekodi za hali ya hewa za Kericho na sehemu nyingine za nyanda za juu za Afrika Mashariki hazikuonyesha mabadiliko yanayoweza kueleza kwa nini malaria imerudi. Walisema tuangalie mambo mengine, kama vile dawa zilizoacha kufanya kazi. Mwaka 2006 wengine wakachambua takwimu zilizoongezewa miaka, wakasema joto limepanda. Mwaka 2011 rekodi za Kericho, zilizopimwa kwenye mashamba ya chai, zikachambuliwa upya na ongezeko likaonekana.

Na hata wale wa kwanza hawakukosea kuhusu dawa. Klorokwini iliacha kuua vimelea, Kenya ikaiondoa 1998 kama dawa ya kwanza. Iliyofuata nayo ikachoka haraka, ndipo 2004 serikali ikatangaza kuhamia dawa mseto zenye atemisinini, hizi tunazotumia hadi leo.

Namba ndogo inayodanganya

Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2015 ulipima watoto nchi nzima. Kanda ya ziwa, asilimia 27 walikuwa na vimelea. Nyanda za juu kama zetu, asilimia 3. Ukisoma hapo unaweza kusema tuko sawa, tulale.

Shida ni hii. Mtu wa ziwani ameumwa na mbu tangu utotoni. Akifika utu uzima mwili wake umezoea kiasi, malaria ikimshika mara nyingi anaugua na kuinuka. Sisi wa milimani hatuna hiyo kinga. Malaria inapopanda huku inakuta kijiji kizima hakijajiandaa, mtoto, kijana, mzee, wote sawa. Ndiyo maana serikali haituiti eneo la malaria ya kila siku, inatuita eneo la milipuko. Kimya miaka kadhaa, halafu moto.

Magokoro, nyanya yetu, anaujua huo moto. Kati ya Mei na Julai 2002 malaria iliua mamia ya watu katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Kisii na Gucha zikiwemo. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Anasimulia wagonjwa wawili kwa kitanda kimoja, na wengine sakafuni kwenye korido. Tulikuwa watoto wawili mle ndani, mimi na binamu yangu, tumepishana wiki chache. Sote tulipata homa wiki moja. Mimi nilipelekwa hospitali kwanza kwa sababu ndiye nililia sana. Yeye alikuwa mpole, wakadhani amepata nafuu.

Hiyo ndiyo sababu Magokoro hajawahi kuniambia ninyamaze nikilia, hata nikiwa mkubwa. Nilikuwa nadhani ni kudekezwa tu.

Bonde lako lina umbo gani?

Andrew Githeko wa KEMRI pamoja na wenzake walitumia miaka mingi wakitafuta namna ya kujua mlipuko kabla haujafika. Mwaka 2001 Githeko na mwenzake walichapisha njia ya kutabiri kwa kutumia takwimu za hali ya hewa. Wazo lenyewe ni rahisi. Ukiona miezi ya joto imekuwa na joto kuliko kawaida, kisha mvua ikaja kwa wingi, jiandae, maana wagonjwa wataongezeka miezi miwili mitatu baadaye. Januari na Februari zikichoma, mvua ya masika ikamwagika, basi Mei hadi Julai usicheze.

Kisha wakagundua jambo ambalo kila mtoto wa Gusii anaweza kulithibitisha kwa macho. Mabonde hayafanani. Bonde jembamba lenye kingo kali humwaga maji haraka, mbu hukosa pa kutagia. Bonde pana lenye tambarare chini hushika maji, huwa na kinamasi, na mbu hujaa. Wakaaji wa bonde pana huugua mara nyingi zaidi ila hupata kinga kidogo. Wakaaji wa bonde jembamba hukaa salama muda mrefu, lakini mlipuko ukija ndio huumia zaidi.

Kwetu chini ya shamba ni bonde pana. Na hapo chini kabisa, pembeni ya mto, kuna bwawa la ba'mdogo.

Samaki waliondoka, mbu wakahamia

Wengi mnakumbuka 2009, serikali ilipoleta mpango wa kuchangamsha uchumi na mabwawa ya samaki yakachimbwa kila upande, 200 kwa kila eneobunge lililochaguliwa. Ba'mdogo alichangamka kweli. Tulikula samaki hadi tukasahau chinsaga. Halafu chakula cha samaki kikapanda bei, soko likasumbua, akaacha. Bwawa likabaki na majani, maji ya kijani na vyura.

Sasa sikia hii. Kabla hata ya mpango huo, watafiti wa icipe walikuwa Kisii wakichunguza kitu hicho hicho. Walichukua mabwawa yaliyotelekezwa, wakatia ngege katika baadhi yake na kuacha lingine bila samaki. Matokeo yalichapishwa 2007. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 palipotiwa samaki. Ngege wa kawaida, huyu huyu wa kukaanga. Mwaka uliofuata wakachapisha utafiti mwingine wa huku kwetu, ulioonyesha kwamba bwawa lililoachwa huzaa mbu wengi kuliko linalotunzwa.

Niliposoma nilishuka mtoni na kikombe cheupe. Nikachota. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza humo ndani, na kadhaa vimelala sambamba na uso wa maji. Hiyo ndiyo alama ya Anofelesi, maana wa mbu wengine huning'inia kichwa chini.

Jioni nikampelekea ba'mdogo kikombe.

"Ba'mdogo, hili bwawa tulifukie ama turudishe samaki."

"Unajua nilitumia pesa ngapi hapo?"

"Najua. Lakini angalia."

Akaangalia. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hivyo unasema mimi ndiye nilikuugonjesha?"

Sikuwa nimesema hivyo, na siwezi kuapa kwamba mbu aliyeniuma alitoka mle. Mbu wa malaria hutagia hata kwenye alama ya kwato za ng'ombe, shimo la matofali, shimo la murramu kando ya barabara. Lakini naelewa alivyoumia. Lile bwawa lilikuwa ndoto yake, na mimi nilimletea ndoto hiyo kwa kikombe ikiwa imegeuka mbu. Hatukuongea karibu wiki mbili.

Magokoro ndiye aliyemaliza kesi. Alimwita ba'mdogo, baba yake yule binamu yangu mpole wa 2002. Sijui walisema nini, mlango ulikuwa umefungwa. Jumamosi iliyofuata ba'mdogo alinikuta nikiosha viatu, akaniambia, "Lete panga. Tufyeke kando ya maji."

Mambo ya kushika

Tusidanganyane, samaki peke yao hawatoshi. Mwaka 2000, dawa ya kupuliza ukutani na neti zenye dawa zilipopimwa hapa Gusii, waliolala kwenye vyumba vilivyopuliziwa walikuwa na hatari ndogo ya maambukizi kwa asilimia 75, na waliolala ndani ya neti kwa asilimia 63. Kwa hivyo ile neti uliyofungia vifaranga vya kuku au kufunikia miche ya sukuma wiki, irudishe kitandani.

Chanjo ipo pia. Kenya iliizindua Homa Bay, Septemba 13, 2019, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ilianza katika kaunti nane za magharibi zenye malaria nyingi. Kisii na Nyamira hazikuwemo, na kwa hesabu ya asilimia 3 dhidi ya 27 naelewa ni kwa nini. Lakini maana yake ni kwamba sisi tunategemea macho yetu wenyewe.

Kwa hivyo ukishikwa na homa, pimwa kabla ya kumeza chochote, siku hiyo hiyo. Usikubali "homa ya matumbo" ya kukisiwa. Ukipewa dawa ya malaria, imalize yote, usimwachie mwenzako nusu. Ukitoka Mbita, Rongo au Kisumu, hesabu wiki kadhaa ukijichunga. Na mtu akiwa kimya na moto, mtoto hasa, usiseme amepata nafuu.

Wiki iliyopita vifaranga vya ngege vilifika kwenye ndoo mbili, kila kimoja bei ya mandazi. Ba'mdogo aliingia majini mwenyewe, suruali imekunjwa, akivimwaga polepole. Mimi nilikuwa kando na kile kikombe cheupe. Nitakuwa nachota kila Jumapili na kuhesabu.