Kome wa Ziwa Victoria: nani humbeba hadi visiwani?

Katika parokia nyingi padre humimina maji ya ubatizo kwa ganda la kome, au kwa chombo kilichotengenezwa kwa umbo hilo. Ganda hilo ni nusu tu. Mnyama mwenyewe alipokuwa hai alikuwa na maganda mawili, yaliyoungana upande mmoja kama majalada ya kitabu, naye akiishi katikati. Ganda la ubatizo kwa kawaida hutoka baharini. Lakini kome wapo pia hapa kwetu, katika mchanga wa Ziwa Victoria, tangu mwambao wa Mwanza hadi visiwa vya Ukerewe na Ukara. (Jina lake linafanana na la Kisiwa cha Kome kule Buchosa, ila hapa tunamzungumzia mnyama.)

Swali letu ni hili: kiumbe anayeishi amejifukia mchangani, na asiyeweza kuogelea, amefikaje visiwani?

Kome ni nani?

Kwanza tumtofautishe na konokono. Konokono ana ganda moja, na baadhi ya konokono wa ziwani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Kome habebi kichocho. Hata hivyo, anayeingia majini kumtafuta anaweza kuambukizwa katika maji yaleyale, kwa hiyo tahadhari ibaki palepale.

Kome wa ziwa letu ni wa aina mbalimbali. Coelatura ana ganda gumu ambalo kwa ndani hung'aa kama lulu. Mutela ana ganda refu na jembamba. Corbicula ni mdogo, na ganda lake lina mistari iliyopangana. Sphaerium na Pisidium ni wadogo zaidi, wengine hawazidi ukubwa wa punje ya choroko. Yupo pia Etheria, ambaye hajifukii, bali hugandamana na mwamba kama chaza wa baharini.

Wote huishi kwa kuchuja. Kome huvuta maji ndani, akanasa chembe za chakula kwa matamvua yake, kisha akayatoa maji yakiwa safi zaidi. Penye kome wengi, maji huchujwa mchana na usiku bila gharama.

Wanaishi wapi?

Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40, na sehemu ya ndani kabisa hufikia takribani mita 80. Huko chini, kwa miezi kadhaa ya mwaka, hewa ya oksijeni hupungua sana. Kwa hiyo makao mazuri ya kome ni maji ya kina kifupi karibu na nchi kavu. Hata hapo hawaenei sawasawa. Penye mawe makubwa kama yale ya Mwanza mjini, kome wa kujifukia hana pa kuchimba. Penye mchanga hustawi, na penye tope zito wengi wao hushindwa kupumua.

Ukiwatazama hivyo, kila kisiwa kina ukanda wake mwembamba wa kome, na kati ya ukanda na ukanda kuna maji marefu wasiyoweza kuyavuka wenyewe.

Abiria wa samaki

Jibu liko kwa samaki. Mtoto wa Coelatura huanza maisha akiwa mdogo mno, mwenye viganda viwili vya kubana. Hujishikiza kwa samaki, husafiri naye kwa muda, kisha hudondoka na kuanza maisha yake mchangani.

Mutela ana njia ya ajabu zaidi. Mwanasayansi Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti wake Jinja, Uganda, alieleza mwaka 1961 jinsi mtoto wa Mutela anavyokuwa na uzi mrefu wa kumnasia samaki. Akishanasa, huotesha vijimrija ndani ya ngozi ya samaki na kukua juu yake kama chipukizi. Samaki aliyembeba ni yule ambaye wavuvi wengi wa Kanda ya Ziwa humwita kuyu (Labeobarbus altianalis).

Wale wadogo kama Sphaerium hawahitaji samaki. Hulea watoto ndani ya ganda, na mmoja tu anaweza kuanzisha ukoo mpya. Mwaka 1882, katika moja ya maandishi yake ya mwisho, Charles Darwin alieleza habari za kome mdogo wa aina hiyo aliyekutwa amebana mguu wa mdudu wa majini arukaye.

Usafiri huu si jambo dogo. Tope lililochimbwa chini ya ziwa linaonyesha kuwa takribani miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kabisa au karibu kabisa. Maji yaliporudi, kome nao walirudi, na wengi wao hawakuwa na njia ila kubebwa.

Tukimpoteza mbebaji

Hapa ndipo jambo linapotugusa. Kuyu hupanda mitoni kuzaliana, kama afanyavyo ningu. Ningu walipungua vibaya katika karne iliyopita, baada ya nyavu kutegwa kwenye midomo ya mito wakati wakipanda kutaga mayai. Kuyu akimalizwa kwa njia hiyo, watoto wa Mutela watakosa wa kuwabeba, hata kama mchanga ni safi. Kome wakubwa wataendelea kuonekana kwa miaka, na sisi tutadhani mambo ni mazuri, kumbe hakuna kizazi kinachofuata.

Kuna hatari nyingine mbili. Kokoro, ambalo sheria imelikataza, huburuta mchanga pamoja na waliomo. Nayo mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni hushusha udongo unaowafukia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila shughuli za kudumu za kibinadamu.

Kwa hiyo, anayeacha wazi mdomo wa mto wakati samaki wanapanda hamlindi samaki peke yake. Analinda pia wachujaji wa maji ambayo sote tunayachota.