"Sina uhakika kabisa": utata wa maneno katika kupima uhakika wa mama anayenyonyesha

Kauli "sina uhakika kabisa" hubeba maana mbili zinazoachana mbali. Ya kwanza ni kwamba msemaji hana uhakika hata chembe. Ya pili ni kwamba uhakika anao, ila haujakamilika. Katika mazungumzo ya kawaida utata huo hausumbui, kwa kuwa sauti, uso na mada humwongoza msikilizaji. Katika dodoso la afya, ambako kauli hugeuzwa kuwa namba, utata huohuo unaweza kumnyima mzazi msaada aliostahili. Makala haya yanaeleza jinsi maneno machache ya Kiswahili, yaani uhakika, kuweza, kabisa, pekee na ndiyo, yanavyoweza kupotosha kipimo kilichoundwa katika lugha nyingine, na namna ya kuyatumia bila kupotosha.

Kipimo chenyewe

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alitoa hoja kwamba mtu hulianza jambo, hulishikilia na huvumilia vikwazo vyake kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza. Imani hiyo hulishwa na vyanzo vinne: mafanikio ya mtu mwenyewe siku za nyuma, kuwaona wengine wakifanya, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na moyo. Mwaka 1999 Cindy-Lee Dennis wa Kanada, akishirikiana na Sandra Faux, alichapisha kipimo kilichoihamishia nadharia hiyo kwenye kunyonyesha. Kilikuwa na kauli 33. Mwaka 2003 Dennis alikifupisha hadi kauli 14. Kila kauli humtaja mama akiweza jambo fulani nyakati zote, naye hujiweka kwenye ngazi ya 1 hadi ya 5. Jumla ya chini kabisa ni 14, ya juu kabisa ni 70.

Namba hiyo ina kazi. Mama mwenye jumla ndogo ndiye anayehofiwa kuacha kunyonyesha mapema, hivyo ndiye anayepaswa kutembelewa kwanza. Kipimo kimetafsiriwa katika lugha nyingi, zikiwamo Kihispania, Kichina, Kireno, Kituruki na Kipolandi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walikirekebisha ili kipime unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2019.

Msikilizaji wa Rungwa

Rungwa ni kata ya Wilaya ya Manyoni, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, kwenye barabara iendayo Mbeya kupitia Makongolosi na Chunya, jirani na pori la akiba lenye jina hilohilo. Ni nchi ya Wakimbu. Kikimbu kimepewa namba F24 katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, kundi moja na Kisukuma (F21) na Kinyamwezi (F22). Kiswahili ndicho lugha ya shule, ya ofisi na ya kliniki, lakini habari za titi, maziwa na kulia kwa mtoto usiku mara nyingi huzungumzwa nyumbani kwa lugha ya mama na bibi.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mhudumu wa afya amepelekwa huko na dodoso la Kiswahili. Akina mama wengine watamjibu moja kwa moja. Wengine watasomewa kauli kwa sauti, na pale wanapokwama mhudumu ataeleza kwa maneno yake au kwa lugha nyingine. Kwa hiyo tafsiri iliyopo kwenye karatasi haina budi kustahimili kusikika mara moja tu, bila nafasi ya kurudi nyuma na kusoma upya.

Kujiamini, imani, ufanisi au uhakika?

Swali la kwanza la mtafsiri ni jina la kitu kinachopimwa. "Kujiamini" ndilo neno linalokuja haraka, lakini lina upana usiohitajika: humweleza mtu mzima na tabia yake, na laweza kuwa sifa au lawama. "Anajiamini" ni sifa. "Anajiamini mno" ni karibu na majivuno. Mzazi mpya anayeulizwa mbele ya mama mkwe kama anajiamini anaweza kujishusha kwa adabu tu, na adabu hiyo ikaandikwa kama upungufu.

"Imani" nayo huelekea upande wa dini. Anayesema "nina imani nitaweza" huenda anaeleza tumaini lake kwa Mungu, wala si tathmini ya ujuzi wake. "Ufanisi binafsi" hukutana nao katika maandishi ya kitaaluma, lakini ufanisi ni matokeo yaliyokwisha kuonekana, ilhali kinachopimwa ni imani iliyopo kabla ya tendo. Lililo salama zaidi ni "uhakika", mradi lifungwe kwenye tendo linalotajwa: "uhakika wa kuweza kunyonyesha". Likiachwa peke yake hurudi kwenye maana ya kujua ukweli wa habari, kama katika "nina uhakika gari limeondoka".

Nomino ya tendo nayo ihitaji uangalifu. "Unyonyeshaji" ni kazi ya mama. "Unyonyaji", tangu siasa ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, umezoeleka kwa maana ya mtu kujinufaisha kwa jasho la mwingine, na haufai katika dodoso hili.

Kuweza, na nani anayetenda

"Naweza" hubeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Kauli "naweza kunyonyesha mbele ya familia yangu" inaweza kusikika kama swali la ruhusa: je, desturi inakubali? Katika jamii nyingi za Tanzania mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mama anayenyonyesha bila wasiwasi kwenye basi lililojaa anaweza kukataa kauli hiyo, kwa sababu neno "familia" limemkumbusha mkwewe. Hapo kimepimwa heshima, na mtafiti ataandika uoga. Ni bora kusema "ndugu ninaoishi nao", au kuuliza ndugu gani wanaokusudiwa.

Kiambishi cha kusababisha nacho kina uzito wake. Mtoto hunyonya, mama hunyonyesha. Kiganda kina mgawanyo kama huo: okuyonka kwa mtoto, okuyonsa kwa mama. Mtafsiri akiandika "mtoto wangu hunyonya vizuri", amemhamisha mtendaji, na jibu litamhusu mtoto. Kauli inayopima uhakika wa mama sharti imweke mama kwenye tendo: "nina uhakika kwamba naweza kumweka mtoto kwenye titi akanyonya vizuri".

Mahali pa "kabisa"

Utata uliotajwa mwanzoni hutokana na mpaka usioonekana. Katika usomaji wa kwanza "kabisa" hukitilia nguvu kikanushi: [sina uhakika] kabisa. Katika usomaji wa pili hulivaa neno "uhakika": sina [uhakika kabisa]. Kwa kawaida wasemaji huelekea usomaji wa kwanza, kama katika "sina pesa kabisa". Lakini dodoso lina mazingira yake. Ngazi ya juu ikiandikwa "nina uhakika kabisa" na ya chini "sina uhakika kabisa", sikio huzipokea kama kauli na ukanushi wake, na ukanushi wa "uhakika kabisa" ni uhakika usiotimia.

Athari yake yaweza kuhesabiwa. Mama mwenye uhakika wa wastani, ambaye angechagua 3 katika kauli zote 14, angepata 42. Akiisikia ngazi ya chini kwa maana ya pili na kuichagua kila mara, atapata 14. Pengo ni alama 28, na hakuna kilichobadilika katika maisha yake. Kibaya zaidi, mama ambaye kweli hana uhakika hata chembe atapata 14 vilevile. Wawili hao huketi kwenye benchi moja na namba moja: mmoja angetosheka na neno la kutiwa moyo, mwingine yuko siku moja au mbili kabla ya kumwachisha mtoto titi. Mhudumu mwenye baiskeli moja na mchana mmoja hana tena njia ya kujua aanzie nyumba ipi.

Tiba ni rahisi. "Kabisa" liondolewe pande zote mbili, na ngazi zitajwe kwa maneno yasiyofanana: (1) sina uhakika hata kidogo, (2) nina uhakika kidogo, (3) nina uhakika wa kiasi, (4) nina uhakika mkubwa, (5) nina uhakika wakati wote. Pale dodoso linaposomwa kwa sauti, punje tano za mahindi mezani husaidia: punje moja ni kukosa uhakika, tano ni kuwa nao wakati wote, na mama husogeza anazotaka.

"Maziwa ya mama pekee"

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Kwa takwimu za kitaifa za Tanzania, watoto wa chini ya miezi 6 wanaolishwa hivyo walikuwa asilimia 59 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 64 katika ule wa 2022. Ila maneno "maziwa ya mama pekee" yana mpaka wake uliofichika. Yaweza kuwa [maziwa ya mama] pekee, yaani hakuna kingine kinachoingia kinywani isipokuwa dawa iliyoagizwa na mtaalamu. Yaweza pia kusikika kama maziwa ya [mama pekee], yaani si ya ng'ombe wala ya kopo.

Kwa usomaji wa pili, mama anayempa mtoto vijiko vya maji wakati wa joto la kiangazi bado ananyonyesha "maziwa ya mama pekee", kwa sababu maji si maziwa, na kwa wengi wala si chakula. Atajibu kwa unyofu kwamba ana uhakika wa kufanya hivyo miezi yote 6. Uhakika wake ni wa kweli, lakini jambo alilo na uhakika nalo si lililoulizwa. Nyongeza fupi humaliza utata: "maziwa ya mama pekee, bila hata maji".

"Ndiyo" ya kukubali ukanushi

Katika Kiswahili, "ndiyo" huafiki kauli nzima iliyoulizwa, pamoja na ukanushi wake. Mhudumu akiuliza, "Mama, hujampa mtoto maji?" na mama akajibu, "Ndiyo," maana yake ni "ndiyo, sijampa". Anayejaza fomu iliyotungwa kwa lugha ambayo "ndiyo" yake hudai kinyume anaweza kuandika kwamba mtoto amepewa maji. Swali liulizwe bila ukanushi, "Je, mama, tangu jana mtoto amekunywa maji?", na jibu lisikilizwe pamoja na kitenzi chake.

Kuhakiki tafsiri

Njia iliyozoeleka ni tafsiri rejeshi, ambayo Richard Brislin aliiandikia mwaka 1970: mtu wa pili huirudisha tafsiri katika lugha ya awali bila kuiona matini asilia, kisha matini mbili hulinganishwa. Njia hii hunasa makosa mengi, lakini utata wa "kabisa" huipita. Mrejeshaji ni msomi anayesoma karatasi. Atachagua usomaji uliozoeleka, matini zitalingana, na tatizo litabaki limelala ndani ya Kiswahili.

Takwimu nazo zina mipaka. Alfa ya Cronbach, iliyopewa jina la Lee Cronbach aliyeieleza mwaka 1951, huonyesha kama majibu ya kauli mbalimbali yanakwenda pamoja. Akina mama wote wakiisikia ngazi ya chini kwa maana isiyokusudiwa, majibu yao yataendelea kwenda pamoja, na alfa itakuwa ya kupendeza. Uthabiti wa majibu hauthibitishi kwamba kimepimwa kilichokusudiwa.

Kinachobaki ni kumrudia msikilizaji. Kabla ya kipimo kutumika, akina mama wachache wa mahali husika wasomewe kila kauli, kisha waombwe waieleze kwa maneno yao: "Mama, umeelewaje? Ungemwelezaje mwenzako?" Jibu kama "ni kwamba bado bado kidogo" kwa ngazi iliyokusudiwa kuwa ya chini kabisa linatosha kuirudisha tafsiri mezani. Pale panapozungumzwa lugha zaidi ya moja, kama Rungwa, wahudumu wakubaliane mapema maneno watakayotumia kueleza kwa Kikimbu, Kinyamwezi au Kisukuma, ili kila mmoja asitunge kipimo chake.

Kipimo kilichotafsiriwa vizuri hutambulika kwa jambo moja: akina mama wawili wenye hali moja, mmoja wa Toronto na mmoja wa Rungwa, huchagua ngazi moja. Maneno yanaweza kulingana kikamilifu na sharti hilo lisitimie.

Muhtasari wa matumizi

Sema "sina uhakika hata kidogo" kwa ukosefu wa uhakika, na "sina uhakika kamili" kwa uhakika uliopungua. Epuka "sina uhakika kabisa" popote jibu linapogeuzwa kuwa namba. Tumia "uhakika wa kuweza" badala ya "kujiamini" pale tendo mahususi linapopimwa. Tumia "unyonyeshaji" kwa kazi ya mama. Ongeza "bila hata maji" baada ya "maziwa ya mama pekee". Usiulize kwa ukanushi jambo ambalo jibu lake litaandikwa kwa "ndiyo" au "hapana".