Eti akifika miaka saba ni wako? Thubutu!

Vijana wenzangu, leo tuongee kiume. Ukikaa kijiweni popote hapa Dar, stori za mapenzi zikishachuja zinaingia za watoto, na hapo hukosi jamaa wa kujitapa: "Mwache anilelee tu, dogo akitimiza miaka saba nakwenda kumbeba." Wenzake wote wanatikisa vichwa, utadhani kawasomea hukumu.

Nikaona niitafute hiyo saba imetoka wapi. Ipo kweli, kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Lakini bwana wee, ya mle siyo ya kijiweni! Kinasema mtoto aliye chini ya miaka saba inachukuliwa kuwa ni heri kwake akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Basi. Hakuna palipoandikwa kwamba akizima mshumaa wa saba, baba anatia timu na begi.

Maana yake ni nini? Kama mwanao ana miaka minne na unajua kwa ushahidi kwamba huko aliko anateseka, huna haja ya kungoja saba. Nenda sasa hivi. Na ukingoja, kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Rafiki yangu mmoja wa Tandika anahesabu bethdei za mwanawe, imebaki miwili, na shule anayosoma dogo haijui. Nimemwambia, kanuna.

Huyo na mzazi mwenzie hawakufunga ndoa, kwa hiyo anajiona hana chake. Siyo kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu baba kuiomba mahakama imthibitishe kuwa ndiye mzazi. Jina lako kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila uliyofanya, kumtambua mtoto hadharani, kipimo cha vinasaba, vyote ni ushahidi. Ukishathibitishwa unaomba kukaa naye, na ukikosa hilo, unaomba haki ya kumwona. Kuanzia Ustawi wa Jamii siyo unyonge, maana mara nyingi mahakama itataka kusikia afisa wao kakuta nini nyumbani kwako na nyumbani kwa mwenzio.

Halafu kuna hawa wa "simpati mtoto, hela sitoi". Kasheshe tupu! Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinambebesha mwanamume matunzo ya wanawe, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Wewe unadhani unamkomoa mama, kumbe unampa cha kusema mbele ya hakimu. Tuma, na karatasi za kutumia uzitunze.

Kumvizia mtoto getini shuleni ukatokomea naye kwa bibi mkoani ndiyo noma zaidi. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mwenye haki ya kukaa naye, hata kama sura mmefanana kama pacha.

Akina dada msicheke sana, dhana ya miaka saba siyo hati ya kiwanja. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, na akiwa na umri wa kujieleza mahakama inamsikiliza mwenyewe. Sasa piga picha, mheshimiwa anamuuliza dogo angependa kukaa na nani, na wewe baba mtu mara ya mwisho mlionana Idi ya mwaka juzi.