Kutoka jina la mwandishi hadi sifa: "-a kikafka"

Kiswahili hakigeuzi jina la mtu kuwa kivumishi kwa kiambishi tamati. Hutumia -a unganifu pamoja na ki- ya namna, kama katika "mavazi ya kifalme". Hivyo, jina la Franz Kafka laweza kuzaa "-a kikafka". "Riwaya ya Kafka" ni aliyoiandika yeye. "Kesi ya kikafka" ni ile inayofanana na masaibu ya Josef K., mhusika wa riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1925, aliyekamatwa bila kuelezwa kosa lake. Foleni ndefu pekee haistahili sifa hiyo: sharti mtu awe amenaswa na mamlaka asiyoyaelewa. Mfasiri anayemwandikia msomaji asiyemjua Kafka aliache jina, aieleze hali yenyewe: "kesi isiyo na shtaka linalojulikana".