Asante si hongo: Jinsi ya kushukuru baada ya intavyu

UMESAGA lami miezi mingi. Hatimaye simu imelia: unaitwa kwa intavyu ya kazi, Isiolo mjini. Umepiga shati pasi usiku, umejibu maswali ya jopo kadiri ulivyoweza, umetoka nje kwenye jua kali. Sasa unafanya nini?

Wengi wetu huenda nyumbani kungoja. Wengine huanza kutafuta namba ya mjomba anayemjua mtu kwenye jopo. Lakini kuna njia ya tatu: kuandika ujumbe mfupi wa kushukuru.

Ujumbe huu si wa kubembeleza. Mtu aliyehoji watu wengi siku moja huchanganya sura na majina. Mistari mitatu humkumbusha wewe ni nani, na kumwonyesha kwamba unafuatilia mambo. Uandike siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa lugha mliyohojiana. Kwa mfano:

"Asante kwa kunipa nafasi ya kuhojiwa leo kuhusu kazi ya afisa wa nyanjani. Nilifurahia mazungumzo yetu kuhusu kuwafikia wafugaji wa Merti wakati wa ukame. Niko tayari kutoa maelezo zaidi mkiyahitaji."

Basi. Usitaje ukoo wenu wala nani anakujua.

Kwa shirika, hoteli au kampuni, mtumie baruapepe aliyekuhoji au ofisi ya wafanyakazi. Kazi ya serikali, hapo chunga. Matangazo mengi ya nafasi hizo, zikiwemo za kaunti, huonya kwamba anayejaribu kushawishi jopo ataondolewa moja kwa moja. Na Isiolo ni mji ambao kila mtu anamjua mtu. Ukimtumia mwanajopo WhatsApp saa tatu usiku, hata kama ni 'asante' tu, inaweza kusomwa vingine. Ukiongeza 'nikumbuke' unaomba upendeleo. Ukiongeza 'ya chai' umeingia kwenye hongo, na sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea.

Kwa hivyo, kwa kazi ya umma, shukuru kwa mdomo kabla ya kuinuka kitini. Ukiona lazima uandike, tuma kwa anwani ya ofisi iliyokuita, ambapo yeyote anaweza kusoma bila wewe kuona haya. Hicho ndicho kipimo: ujumbe unaoweza kubandikwa ukutani ni shukrani. Unaotaka ufutwe ukishasomwa ni kitu kingine.

Tusidanganyane, asante haitampa kazi aliyefeli intavyu. Lakini ukipata jibu kwamba umekosa, shukuru tena. Wengi hunyamaza kwa hasira, nao walioajiri leo ndio watakaotangaza nafasi nyingine mwaka ujao. Mji ni mdogo. Mtakutana tena.